Demio yangu hapa Malindi: inakula ngapi, na kwanini usiishie hapo

"Yala ngapi?" Ndio swali. Mtu hajaniuliza hali, hajauliza gari nimelitoa wapi, ni yala ngapi tu, yaani lita moja ya mafuta inakwenda kilomita ngapi, na ukimtajia namba anatingisha kichwa alafu anaenda zake kana kwamba ashajua kila kitu. Sasa shoga yangu wa Mtwapa nae anataka kigari kidogo cha kuzungukia, nikaanza kumuandikia meseji ikawa ndefu mpaka simu ikapata moto, nikaona basi wacha niliweke hapa mulisome wote.

Gari langu ni Mazda Demio ya 2015, lile shepu lilotoka Japani 2014, petroli, injini ya 1300cc, otomatiki. Nyekundu. Nakaa Barani na kazi iko Watamu, kwenda na kurudi ni kama kilomita 45, na kila baada ya mda bimkubwa ana kliniki Mombasa, hiyo ni kilomita 120 kwenda peke yake. Hapo katikati weka soko, maharusi, madrasa, na jirani anaekugongea usiku mtoto ana homa. Matumizi ya mtu wa kawaida, sina safari za mbugani mimi.

Haya, namba zenyewe. Nikizunguka mjini tu na AC ikiwaka mda wote napata kama kilomita 13 kwa lita. Wiki ya kazi ya kwenda Watamu na kurudi inakaa 15. Mombasa nikienda kwa adabu ni 17, 18, na nikitoka alfajiri kabla jua halijachachamaa huwa inapita hapo kidogo. Wakati wa kusi ukishuka Mombasa upepo waupokea usoni na mimi naona kabisa inapungua, watu hunicheka nikisema hivi lakini nahodha hawezi kukucheka. Ukishapita 80 adui wako mkubwa ni upepo, ukikimbiza 110 ndio upige foleni mapema pale Mtwapa utakuwa umelipia ile foleni kwa petroli yako mwenyewe.

Na sisomi ya kwenye dashibodi, ile hunipendelea kwa kilomita moja hivi. Napima fulu kwa fulu: unajaza mpaka pampu ikate yenyewe, kile kihesabu kilomita cha trip unakirudisha sufuri, unatembea siku zako mpaka tangi lishuke chini ya nusu, unarudi pampu ile ile unajaza tena mpaka ikate, alafu kilomita unazigawanya kwa lita zilizoingia. Umetembea 320, zimeingia lita 20, hiyo ni 16, kwisha. Mtu anaetia mafuta ya mia tano mia tano alafu akakwambia lake lafika 22 we msikilize tu, usigombane nae.

Ukitafuta mtandaoni utaona hii Demio ya 1300 otomatiki imeandikwa 24.6 kwa lita. Si uongo, ila ni kipimo cha maabara kinaitwa JC08, gari liko juu ya rola, hakuna upepo, hakuna tuta, AC imezimwa. Na kipimo chenyewe kikibadilika namba nayo inabadilika: Demio ya shepu la nyuma, ile ya 2011 ilokuwa ya kwanza kuvaa injini ya SkyActiv, zile za Mazda za kubana mafuta, ilitangazwa inafika 30, lakini hiyo 30 ni ya kipimo cha zamani kilichoitwa 10-15, kwa JC08 gari lile lile likawa 25. Hakuna skrubu ilobadilishwa hapo. Mimi namba ya Japani naikata theluthi moja, hapo ndio nakaribia ukweli wa Pwani.

Na zile stika za kijani na buluu kwenye kioo cha nyuma, za kijapani, zina +10% au +20%, watu hawazibandui ng'o. Nishasikia dalali akimwambia mteja ati hii inaokoa mafuta asilimia ishirini! Maana yake ni kwamba gari lilipita kiwango cha matumizi ya mafuta ambacho serikali ya Japani iliweka kwa magari ya uzito ule kwa mwaka fulani, basi. Faida yake kwako wewe mnunuzi ni nyengine: stika ikiwepo ni dalili kwamba kioo cha nyuma ni cha asili, hakijavunjwa kikabadilishwa.

Sasa hesabu ambayo ndio ilonifanya niandike hii. Tuseme lita ni 180, kwa urahisi wa kuhesabu, bei yenyewe EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huibadilisha kila tarehe 14 kwa hivo wewe weka ya mwezi wako. Na tuseme mtu anatembea kilomita 1000 kwa mwezi. Akiwa na gari la 2000cc linalompa 9 kwa lita atachoma lita 111, elfu ishirini. Akishuka kwenye kigari kama hiki cha 15 ni lita 67, elfu kumi na mbili. Ameokoa elfu nane, hiyo ni pesa ya maana, kila mwezi. Haya, wakaja watu wakamwambia aaa 15 ni nyingi, tafuta la 18. Lita 56, elfu kumi. Ameokoa elfu mbili. Yaani purukushani yote ile, na mabishano ya yangu 17 yako 19, ni elfu mbili kwa mwezi, na shoki moja mbovu inazila zote na za mwezi ujao. Ukishashuka kwenye vigari vidogo umeshaokoa kile cha kuokoa. Kuanzia hapo kinachotenganisha kigari na kigari hapa kwetu ni AC, chumvi, na spea, na haya matatu hakuna mtu hata mmoja alieniuliza.

Tuanze na AC manake Malindi hiyo ndio roho. Mwezi wa pili wa tatu kaskazi likiwa linamalizikia, huwezi kuendesha saa saba mchana na buibui lako na watu wazima watatu nyuma bila AC, utafika Watamu umeiva. Na AC haiji bure, kompresa inazungushwa na injini hiyo hiyo, kila inaposhika inakatia nguvu. Gari la 2000 halisikii, la 1000 linasikia mpaka kwenye mifupa. Toyota Vitz ya 1000 ni silinda tatu, nguvu za farasi 69 tu. Demio hii ni 92, Vitz ya 1300 ni 95. Dadangu ana hiyo Vitz ya 1000 na asubuhi muko wawili ni tamu, nyepesi, inapita kwenye vichochoro vya sokoni kama tuktuk. Lakini jaza watu, washa AC, alafu sema unataka kupita lori la chumvi linalotoka Gongoni. Unakanyaga mpaka chini, sauti inapanda, gari liko pale pale, na dereva wa matatu nyuma yako anakuwashia taa. Na kile ulichokuja kuokoa kinamwagika hapo hapo, manake injini ndogo inayokamuliwa mda wote inakunywa sawa na ya 1300 inayotembea kwa raha zake. Malindi ni tambarare, hatuna milima ya kuogopa, ni joto ndio mlima wetu. Kwa hivo mimi kwa Pwani nasema 1300 au karibu na hapo, 1000 mwachie mtu wa bara kwenye baridi yake, au mtu anaetembea peke yake.

Hapo hapo kuna hii kitu ya i-stop ambayo wauzaji wanaiimba sana. Ukisimama, injini inajizima, ukiachia breki inawaka. Kwa Tokyo yenye mataa kila kona nakubali. Hapa Malindi taa ziko wapi? Na kuna jambo wasilokwambia, i-stop haizimi injini kama ndani kuna joto na AC bado inahangaika kupoza, kwa sababu kompresa ikisimama baridi nayo inasimama. Sasa Malindi ni lini AC haihangaiki? Mimi ile taa ya kijani ya i-stop naiona alfajiri na usiku, mchana tumesahauliana. Shida ni kwamba huitumii lakini unailipia, manake gari la i-stop linataka betri yake maalum, ile inayoandikwa Q-85, na nilivyoulizia bei ni karibu mara mbili ya betri ya kawaida. Kuna watu wanaweka betri ya kawaida na kuizima i-stop kwa swichi kila wanapowasha gari, na wanaishi. Mimi betri ilipokufa nilinunua ile ile ya Q-85, moyo ukiniuma, kwa sababu mfumo mzima wa kuchaji umepangwa kwa betri hiyo na sitaki kujifunzia umeme kwenye gari ninalolitegemea. Lakini unapolinganisha bei za magari mawili, moja lina i-stop moja halina, tia hiyo betri kwenye hesabu.

Chumvi. Nyie munaokaa Shela na Casuarina munaijua hii, asubuhi kioo kina utando ukipitisha kidole kinanata. Gari likikaa hapo miaka mitatu bila kuangaliwa, chini linaanza kuliwa, bomba la ekzosi, boliti za shoki, arm za mbele, visahani vya breki. Sasa watu wanajua waoshe gari, wanapeleka kila wiki, vizuri, lakini hawaulizi maji yanatoka wapi. Visima vingi vya hapa maji yake ni magumu ya chumvi, unayajua ukiyaonja, na sehemu nyingi za kuoshea zinatumia hayo hayo manake ni ya bure. Yaani unalipa uoshewe chumvi kwa chumvi. Mimi nauliza kwanza, ni ya kisima au ni ya mfereji, yale yanayoletwa kutoka Baricho? Kama ni ya kisima naosha nyumbani na ndoo. Na nasisitiza chini kuliko juu, vijana hawapendi manake juu ndio kunang'ara na ndio kwenye sifa.

Na kabla hujalaumu bahari ya Malindi chungulia chini siku unayolinunua. Kule Japani sehemu za kaskazini, Hokkaido na kwengineko, wakati wa theluji humwaga chumvi barabarani iyeyushe barafu, kwa hivo kuna magari yanafika Kilindini yashaanza kuliwa zamani, juu rangi inametameta, chini kahawia. Lala chini uangalie, au mlipe fundi alale kwa niaba yako. Akina mama hapa tunaona haya kulala chini ya gari kwenye yadi ya watu, mimi nilivaa suruali ndani nikalala, wakanishangaa, wakazoea.

Njia sasa. Lami ya hapa mpaka Watamu haina neno, ya kwendea Mombasa, mpaka ufike Kilifi, ni nzuri vilevile, unapita pembeni ya msitu wa Arabuko Sokoke barabara imenyooka mpaka usingizi unakuja, alafu daraja la Kilifi (ambalo pia ni la Kijapani kwa namna fulani, pesa za Japani ndio zilijenga, likafunguliwa 1991, kabla ya hapo ilikuwa ni feri na kusubiri). Baada ya Kilifi ndio visa, pale wanapopanua barabara kuna michepuko na vumbi na malori. Lakini taabu yenyewe si huko, taabu ni ile mita mia mbili ya mwisho kufika nyumbani. Barani, Muyeye, Maweni, unatoka kwenye lami unaingia kwenye vijia vya mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na masika vikijaa maji huoni jiwe liko wapi. Demio iko chini. Ukipakia watu wanne na buti limejaa, kila tuta unalipita ukiwa umekunja meno. Ile plastiki ya chini ya injini yangu ishashonwa kwa waya, na hilo si kosa la gari, ni mawe.

Fundi atakwambia weka spesa unyanyue. Nusu ya vigari vidogo hapa vimenyanyuliwa. Mimi sikuweka, manake ukilinyanyua gari ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, zile raba zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na mchanga Malindi haukosekani. Badala yake nimeweka shoki nzima na tairi za saizi yake, 185/65 R15, na nakwenda pole. Tairi nazo zina mambo yake: upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko nguzo ya mlango wa dereva, kwa kipimo cha kPa sio psi, 220 kPa ni kama 32 psi. Watie upepo ule ulioandikwa. Vijana wa pampu wana namba yao moja wanayowapa wote, kuanzia Probox mpaka pikipiki, na tairi laini ni mafuta yanapotea na wewe uko unalaumu injini.

Ndani mbele ni raha, viti vimekaa vizuri, dashibodi haina kelele ya plastiki kama gari la bei rahisi. Nyuma sitaki kudanganya, ni padogo. Watoto watatu sawa, watu wazima watatu wawe wanapendana. Bimkubwa nampa mbele na kiti nakirudisha mpaka mwisho kwa ajili ya magoti yake, sasa aliekaa nyuma yake ndio ajipange. Na mlango uko chini, buibui likining'inia kidogo tu linafungiwa nje, unafika Kilifi upindo umejaa matope na vumbi na huna habari. Sasa nimezoea kuwaambia abiria "kusanyeni nguo" kabla ya kufunga mlango, mpaka mwanangu ashaigeuza ndio mzaha wake. Buti ni la lita 280, linaingiza shopingi ya mwezi, au gunia la nazi na begi mbili, au mtungi wa gesi na bado ukabaki na nafasi. Samaki siweki kabisa, hata aliefungwa kwenye karatasi tatu. Hatchibeki halina ukuta, kinachonuka kwenye buti kinanuka kwenye kanzu ya Ijumaa.

Kama unabeba vitu vingi kuliko watu, hapo nitakwambia wazi nenda ukaangalie Honda Fit, manake tangi lake liko chini ya viti vya mbele, kwa hivo viti vya nyuma vinainuka kama vya sinema na unasimamisha mche, meza, hata kabati dogo. Kwa kubeba hakuna kigari cha saizi hii kinachoifikia. Nissan Note nayo nyuma ina nafasi kubwa, miguu inanyooka, na ndio maana dereva wa teksi anaipenda, ila ni CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, na CVT ina adabu yake: oili yake ni ya aina yake, kwa Nissan hizo ni NS-3, ukimpa fundi anaeweka ATF (oili ya giaboksi otomatiki) yoyote alioikuta dukani giaboksi inakufa na utaambiwa "Note ni mbovu". Vitz sina la kusema, spea zake ziko mpaka duka la jumla, kama wewe hutaki kufikiria chukua ya 1300 ulale. Na Toyota Aqua, hiyo haibridi, ya petroli na umeme, kwa mafuta hakuna wa kushindana nayo, ilipotoka 2011 iliandikwa 35.4 kwa JC08 na hata ukikata theluthi bado inakushinda, na binamu yangu anapigia teksi nayo hana kilio. Lakini betri kubwa iko nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, kuna kitundu ubavuni mwa kiti cha nyuma kinachovuta hewa, mchanga na manyoya na vumbi vikiziba hapo betri inachemka taratibu. Binamu anasafisha kile kitundu kama anavyosafisha masikio ya mtoto. Ukiwa na Aqua na huna habari kama kipo, kitafute leo.

Demio yangu sio CVT, ni giaboksi ya gia sita ya kawaida, na hilo ni moja kati ya mambo yalonifanya niichague, unaisikia ikibadilisha, haiburuti. Lakini nayo oili yake ni ATF FZ, ya buluu, sio ile nyekundu ya kila siku. Injini inataka oili nyepesi ya 0W-20. Nilimkuta fundi mmoja, simtaji, ashafungua chupa ya 20W-50, ile nzito, yuko tayari kumimina. Nikamwambia mzee, subiri. Akanambia, "Dadangu, Pwani kuna joto, hiyo nyepesi itayeyuka, mimi nimetia hii kwa magari miaka yote." Nikamuonyesha kifuniko cha oili, imeandikwa pale pale juu ya injini 0W-20. Akasoma, akanyamaza, akaenda kunywa kahawa. Tangu hapo oili nanunua mwenyewe naja nayo mkononi na nakaa pale mpaka mwisho, hata kama nna shughuli. Petroli ndio haina mashindano, kule kwao inatumia ile ya kawaida kabisa, hizi za bei ya juu sio lazima, usimuache kijana wa pampu akushawishi.

Upande wa spea nitasema ukweli, hapa Malindi Demio si Vitz. Pedi za breki, filta, plagi, link, bushi, hizo utapata. Kitu kikiwa kikubwa kidogo, sensa, taa, kioo cha pembeni alichokichukua bodaboda, unaagiza Mombasa, kinakuja na matatu, unakwenda kukipokea stendi. Sio mbali, ni siku moja, lakini siku moja bila gari na kazi Watamu ni siku. Cheni ya taimingi haina mambo ya kubadilisha kila kilomita kadhaa kama mshipi, hilo ni zuri. Baya ni kwamba petroli yake inaingia moja kwa moja kwenye silinda, haipiti kwenye valvu kuziosha, kwa hivo masizi yanajijenga pale taratibu, na gari la safari fupi fupi ndio linajenga zaidi. Ile Mombasa ya bimkubwa nadhani inalisaidia gari langu sawa na inavyomsaidia yeye.

Kuna mtu ataniuliza ya disel, manake zipo, 1500, na mafuta yake ni mazuri kweli na nguvu inayo. Kwa mtu wa Malindi anaezunguka mjini mimi nasema hapana. Ile ina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo linahitaji safari ndefu lipate moto lijichome lenyewe, sasa wewe unatoka Maweni unakwenda Ngala kununua mkate, litajichoma saa ngapi? Ukiwa unaendesha Malindi Mombasa kila siku, hapo tuzungumze.

Redio nusura nisahau. Gari la Japani FM yake inaanzia 76, nyingi zinakoma 90, kwa hivo stesheni zetu nyingi hazishiki mpaka ufungiwe ekspanda. Na skrini inaongea kijapani, kila asubuhi nikiwasha kuna mwanamke ananisalimia kwa heshima zote na sijui ananiambia nini. Bimkubwa humjibu "waalaykum salaam" na safari inaanza.

Bei sitaji manake inabadilika na dalali ana zake. Ila sheria ni kwamba gari la kuagiza lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe kule mara ya kwanza, kwa hivo za 2014 2015 kama yangu sasa huzipati kutoka meli, ni za kununua mkononi mwa mtu, zishakula mawe yetu na chumvi yetu. Sio vibaya, bei iko chini na logibuku iko hapa hapa unaihakikisha kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, lakini ukiwa unanunua mkononi usiende kulijaribu gari asubuhi. Nenda saa saba mchana, gari liwe limekaa juani. Chukua watu watatu uende nao, wale wazito, keti nao wote ndani, AC mpaka mwisho, vioo juu. Toka nalo mpaka upite daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, urudi, uingie nalo kwenye kijia kimoja cha mawe, uzime redio usikilize chini. Ukisimama iangalie joto la injini na usikie kama AC inaanza kutoa upepo wa moto, manake ya kufa hufia hapo, gari likiwa limesimama. Muuzaji akikwambia njoo jioni kukiwa na upepo, mwambie utarudi kesho saa saba.